Mchanga wa Kusugulia

Mwasiti aliporudi kutoka kukamata panzi wa kulisha vinyonga wake, alikuta karai limeegemezwa ukutani, tupu. Uani, mkwewe, Bi Shuweha, alikuwa ameinamia sufuria, anasugua masizi kwa mchanga.

"Mama, mchanga huo umeutoa wapi?"

"Si ule wa kwenye karai? Laini, mzuri."

Mwasiti alipiga magoti. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiunyunyizia maji mchanga ule, akilinda mayai aliyotaga humo kinyonga jike. Sasa maganda meupe yalikuwa yamesagika ndani ya masizi.

"Yalikuwa yamekaribia kuanguliwa! Nilikuambia usiguse, ukaitikia!"

"Mayai ya mdudu wa nuksi? Mwanamke mzima unaatamia vinyonga badala ya kunipa mjukuu!"

Mwasiti alitaka kumjibu, akamwona ameganda. Juu ya kidole chake chenye masizi, kinyonga asiyezidi ukucha alikuwa amejishikilia, mkia umejisokota.

"Mtoe," alinong'ona Bi Shuweha. "Mwanangu, nakuomba."

Mwasiti alivuta kigoda, akaketi mbele yake.

"Usitikise mkono, mama. Ni mtoto mchanga huyo."

Kinyonga aliinua mguu mmoja, akafikiri, akaanza kupanda kuelekea kiwiko.