Chupa Kando ya Jiko

Gizani, kabla ya adhana, Saumu alisikia kitu kikikwaruza ndani ya chupa. Nzi wa kijani aliowafuga kwa ajili ya somo walitarajiwa kutoka kwenye maganda ya mabuu keshokutwa, si leo, na mwalimu wa masomo ya jioni alikuwa amesema kwamba atakayeandika siku zao za kukua sawasawa atachukuliwa kazi ya maabara.

Akawasha taa, akaufuata mkwaruzo. Chupa haikuwa dirishani alikoiacha. Ilikuwa jikoni, imeegemezwa kwenye jiko la mkaa lenye majivu ya moto, imefunikwa kipande cha kanga.

Mama mkwe wake, Bi Mize, aliyeapa tangu mwanzo kwamba nyumba yake haifugi nzi, alikuwa amechutama hapo; akatazama pembeni.

"Kila usiku ukilala naisogeza, alfajiri nairudisha. Baridi hii, mwanangu! Hata vifaranga nawalaza hapo. Nimekuharibia?"

"Joto huwaharakisha, mama," Saumu akasema taratibu, akamshika mkono.

Akafungua daftari. Angeandika keshokutwa, nani angejua? Kalamu ikasita. Kisha akaandika: *Wametoka siku mbili mapema. Usiku walilala kando ya jiko, kwa kuonewa huruma.*

Binti yake Nasra alikuwa ameshaamka, amebandika pua kwenye chupa. Nzi mmoja, mabawa yamekunjamana kama karatasi iliyolowa, alipanda kioo, akaanguka, akapanda tena.

"Bibi, huyu bado anajikausha."