Zamu ya Alanyo

Filimbi ya mapumziko ililia, na Babra hakugeuka kumtazama Alanyo.

Alanyo alingoja mkekani, kando ya uwanja. Walikuwa wameahidiana mbele ya mwalimu: Babra acheze nusu ya kwanza, yeye nusu ya pili. Viti vya magurudumu shuleni vilikuwa vitano tu, kwa hiyo lazima wapokezane. Mwaka mzima alikuwa akiingoja siku hii, acheze mpira wa kikapu, watoto wote wa askari pale kambini, mlimani Mbuya, wamwone.

Na nani aliyemfundisha huyo Babra? Si yeye? Kukata kona kwa mkono mmoja, kuzuia gurudumu kwa kiganja, kulenga kapu huku umekaa, yote alimwonyesha, wiki baada ya wiki, mpaka Babra akaacha kugonga ukuta.

Wageni walikuwa wamefurahi. Walitoka mbali kuja kuona kipindi cha michezo cha watoto wenye ulemavu, na wakiridhika wataleta viti vipya kumi. Mwalimu Saverio hakutulia, mara hapa, mara pale. Asubuhi ndiye aliyemkalisha Alanyo mkekani akamfunika kitenge miguuni, eti kuna upepo.

Mgeni mmoja, mama wa makamo, akamwinamia. "Na wewe, binti, huchezi?"

"Huyu ni rafiki yao tu," Mwalimu akadakia. "Amekuja kushangilia."

Alanyo akamtazama Babra. Alikuwa karibu, hatua tatu tu. Sema, alimsihi kimoyomoyo. Sema hata neno moja.

"Ni kweli, mama," Babra akajibu, macho yake kwenye mpira. "Hunishangilia kila siku."

Loo, shukrani ya punda ni mateke! Wale wachezaji wengine wanne nao walijua ukweli, lakini wakainamia magurudumu yao. Nusu ya pili ikachezwa bila yeye. Babra alifunga mara tatu, akavishwa medali, na mama yule akafuta machozi.

Gari la wageni lilipokwisha kuteremka mlima, Mwalimu akatangaza kwamba soda ziko jikoni. Wachezaji wote watano wakaruka kutoka vitini, wakatimua mbio, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza.

Alanyo akaanza kutambaa kwenda katikati ya uwanja, kukichukua kiti chake.