Yaya

"Huyo mtoto anayemwita yaya wake ni wa nani?" aliuliza kiongozi wa matembezi, Mtanzania, huku akimfunga Constance mikanda kiunoni. "Watoto hawaruhusiwi huku juu."

Constance aligeuka kutazama. Wenzake wa saluni, waliotoka naye Durban alfajiri, walikuwa wameshateleza kwenye waya hadi ng'ambo ya korongo. Jukwaani walibaki wao wawili tu.

"Hapa hakuna mutoto, kaka."

"Eish, dada! Namsikia tangu asubuhi, tulipokuwa mtoni kwenye boti. 'Yaya, nishike. Yaya, nishike.'"

Kwao Bukavu, yaya si mlezi wa watoto. Ni dada mkubwa. Mtu mmoja tu, mdogo wake, ndiye aliyewahi kumwita hivyo, na mto wa mpakani ulimpokonya mkononi mwake walipokuwa wakiingia nchi hii.

Aliutazama mkono wake. Vumbi jekundu la pikipiki za magurudumu manne walizoendesha baada ya boti lilikuwa limemganda hadi kwenye kiwiko. Juu ya vumbi hilo, alama za vidole vidogo zilikuwa zikichuruzika maji.

"Tayari?" aliuliza kiongozi. "Achia mikono."

"Mara hii hapana," alisema Constance. Akazifunika zile alama kwa kiganja, akakaza.

Kiongozi akasogea kando. Kisha wakaruka.