Jina Kubwa Kwenye Jalada

Daftari la pili Don Baudilio Recinos, mkuu wa shule ya lugha, aliliiba saa nne asubuhi, mbele ya watu, na akasema asante.

La kwanza alikuwa ameliiba kwa adabu zaidi. Aliliazima kwa Otilia Xicay kwa wiki moja, na baada ya mwaka likarudi likiwa kitabu, nyuma yake picha ya Don Baudilio ameshika kidevu. Ndani mlikuwa na miaka kumi na tisa ya Otilia: kila zoezi alilolitunga akifundisha wageni Kihispania chini ya kibaraza kilekile cha shule, mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja, masaa manne kwa siku. Sasa kila shule ya lugha mjini Antigua ilikuwa nacho. Jina la Otilia halikuwemo hata kwenye shukrani. La mbwa wa Don Baudilio lilikuwemo.

"Na hili ni la nini, mwalimu?" Don Baudilio alilipekua daftari la pili akiwa amesimama, kama mtu anayetafuta picha.

"Vitenzi vya kujitendea, Mkuu, katika hali ya masharti. Ningejiosha, ningejifuta, ningejivika. Wageni vinawatoa jasho."

"Vinawatoa kweli. Mbona huku penseli, huku wino wa kijani?"

"Masahihisho tu. Mpiga chapa ataelewa."

"Na zote ni mimi, mimi, mimi?"

"Mwanafunzi hukariri upesi akijisema mwenyewe."

"Hata mimi neno hilo nalipenda," akacheka, akalitia daftari kwapani. Don Baudilio hakuwa na tabia ya kusoma vitabu alivyoviandika.

Fidelina, mwalimu wa meza ya jirani, alisubiri mkuu ageuke. "Mwenzangu, umerogwa? Juzi hapa umelia mpaka mgeni wako akajifunza neno 'kamasi'. Leo unampa tena?"

"Nampa."

"Basi angalau mwambie aandike jina lako!"

Otilia aliinuka, akamfuata mkuu hadi mlangoni.

"Mkuu, kuhusu jina."

Don Baudilio akakaza uso. "Jina gani?"

"Lako. Mara ile waliliandika dogo. Safari hii waliandike kubwa. Na mimi usinitaje popote, tafadhali."

Fidelina alijifunika uso kwa kamusi.

Dirishani pa mapokezi, Doña Eluvia, mke wa mkuu, alikuwa akisahihisha mitihani ya wageni wapya. Shule ile aliachiwa na baba yake, nyumba kadhalika, ila mume ndiye aliyekuwa na sauti nzuri ya kukaribishia watu. Alimtazama mumewe akipita na daftari, akachomeka kalamu kwenye fundo la nywele zake, akauliza kama atakula nyumbani.

"Leo Alhamisi, mke wangu. Kikao."

Kila Alhamisi kulikuwa na kikao cha chama cha wabeba sanamu za maandamano ya Ijumaa Kuu. Ulikuwa mwezi wa Julai, lakini watu wa Mungu hujiandaa mapema. Wananukia vizuri pia.

Kitabu kilitoka Oktoba. Jina kwenye jalada lilikuwa kubwa kama la basi. Ua wa shule ulijaa: wakuu wa shule nyingine, padri, wabeba sanamu pamoja na wake zao, wageni wakibandua majani yaliyofungia tamale za unga wa mahindi, vidole vikiungua. Kila mmoja alipewa nakala iliyofungwa utepe mwekundu. Doña Eluvia alikaa mstari wa mbele, nakala yake mapajani.

Desturi ya shule ile ilikuwa moja: anayesoma anasoma, wengine wote wanaitikia.

"Zoezi gani, mwalimu?" Don Baudilio alimnong'oneza Otilia.

"La saba, Mkuu. Ndilo tamu."

Akasimama, akakohoa kwa heshima. "Kama ingekuwa Alhamisi," alisoma kwa sauti ya mahubiri, "ningejinyoa mara mbili."

"Ningejinyoa mara mbili!" ua mzima ukaitikia.

"Ningejipulizia manukato hadi nyuma ya masikio."

"Hadi nyuma ya masikio!"

"Ningejifanya naenda kwenye kikao cha wabeba sanamu."

Wageni waliitikia kwa bidii. Wenyeji waliitikia nusu. Mbeba sanamu mmoja alimuuliza mwenzake, bila kushusha sauti ya kutosha, "Kikao gani?" Mkewe akamgeukia yeye pia.

Don Baudilio alikuwa ameshausoma mstari wa nne kwa macho. Jasho lilimtoka kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

"Nadhani imetosha," alisema. "Chakula kinapoa."

"Endelea, Mkuu," Otilia alimwambia kwa upole. "Ni maneno yako. Jina si hilo hapo?"

Padri aliutazama mlango kama mtu aliyekumbuka ubatizo mahali fulani. Hakuna aliyetafuna.

Ndipo sauti nyingine ikasoma mstari wa nne, taratibu, kila neno mahali pake.

"Ningejipenyeza kwenye mlango wa manjano, nyuma ya duka la mishumaa."

Doña Eluvia alikuwa amesimama, kalamu ya wino wa kijani kwenye fundo la nywele.

"Mlango wa manjano!" wageni wakaitikia.

"Ningejivua pete, ningeitia kwenye soksi."

"Kwenye soksi!"

Aliendelea hivyo, mstari wa sita, wa saba, wa kumi, hadi wa ishirini na nne: "Na nikirudi nyumbani ningejikuta nje, mimi na masanduku yangu." Hakukosea hata neno moja.

Kitabu mkononi mwake kilikuwa bado kimefungwa utepe.