Vipimo vya Mzee Kombo

Kila asubuhi Fundi Shekue alipangusa cherehani, kisha akavaa futi yake ya kupimia shingoni. Asubuhi moja, kabla hajaivaa, Bi Tunu aliingia akihema.

"Fundi, nimeunguza kanzu ya mume wangu kwa pasi! Anarudi kesho, na kesho hiyohiyo anamwoza binti yetu. Utamshonea nyingine bila kumpima?"

Fundi alimtazama binti yake Rukaya, aliyekuwa kwenye kompyuta. Yeye ndiye aliyeingiza humo vipimo vya wateja wote wa baba yake. Lakini siku alipovionyesha, kila jina la mteja alilofungua lilileta vipimo vya Mzee Kombo, mteja wa kwanza kuandikwa.

"Kumbe mji mzima una tumbo moja!" baba alisema, na wateja wakacheka mpaka machozi. Rukaya alirekebisha kosa lile kimyakimya, asimwonyeshe mtu tena.

Sasa alifungua fomu ya mume wa Bi Tunu, akabonyeza kitufe. Fomu ya vipimo ikafunguka, na juu yake jina la mume huyo, si la Mzee Kombo.

"Bega la kushoto limeshuka kidogo," alisoma kwa sauti ndogo.

"Ndiye huyo huyo!" Bi Tunu alipiga makofi. "Fundi, nani kakutengenezea hii?"

Fundi aliichukua futi mezani, akamvisha Rukaya shingoni.

"Huyu hapa, mwanangu," alimjibu Bi Tunu, kisha akamgeukia Rukaya. "Siku ile nilicheka tu, mama. Nilitaka kusema najivunia wewe."