Tangazo Lililokataa Kufunguka

Marehemu wote wa wiki ile walifunguka kwenye tovuti ya gazeti isipokuwa mmoja. Ukibonyeza tangazo lake, badala ya picha na msalaba ulikuja ukurasa mweupe wenye maandishi mekundu ya kosa. Na mzee aliyelituma tangazo hilo alikuwa amekaa pale pale ofisini, kofia magotini, akisubiri.

"Iskra, mzee wako karudi!" Penka wa kaunta aliita. "Na leo kaja na banitsa, mkate wa jibini. Ukichelewa utakuta sahani tupu."

Banitsa ilikuwa bado ya moto, jibini ikichungulia kwenye mikunjo. Penka alimega kipande, akasema kama wasemavyo watu wa mji wao wa Vidin wakipewa chakula cha msiba, "Mungu amsamehe."

"Hebu acha!" mzee alimkemea. "Hii si ya matanga. Nimepika tu, kuleni."

Penka alinywea. Baadaye alimnong'oneza Iskra kwamba msiba humfanya mtu awe mkali, na Iskra aliona ni kweli.

Iskra ndiye aliyekuwa fundi pekee wa tovuti. Ukurasa wa matangazo ya vifo aliurithi kwa kijana aliyehamia Ujerumani bila hata kuaga, na ulikuwa vurugu: amri za seva zimechanganyika na maandishi ya ukurasa kama mchele na mchanga. Aliyeuandika alidhani kila marehemu atakuja na kila kitu chake, jina, picha, tarehe, wafiwa. Kimoja tu kikikosekana, ukurasa mzima unaanguka, na kosa halisemi ni kipi.

"Mzee, kuna mahali hukujaza," Iskra alisema, akimsogezea kiti kando ya meza yake.

"Nilijaza vyote nilivyokuwa navyo, binti."

"Basi ubaya ni wa ukurasa wetu. Lakini kwani lazima mtandaoni? Penka atakuchapia za karatasi, ubandike mlangoni na kwenye nguzo za taa kama kawaida."

"Za karatasi atasoma nani? Ghorofa letu limebaki na vikongwe na paka." Mzee aligeuza kofia mikononi. "Mwenye tangazo hili ana mtoto wa kiume, yuko ng'ambo, Valencia. Walikosana siku ya kumzika mama yake, na tangu hapo hawasemezani. Simu hapokei. Lakini tovuti yenu anaisoma. Jirani akifa, nakuta kamwashia mshumaa hapa kwenye ukurasa wake. Kwa hiyo ni hapa tu atakapojua."

"Mtoto gani huyo asiyepokea simu ya baba yake?" Penka alidakia kutoka kaunta.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, mama. Kosa si lake peke yake."

"Marehemu ni ndugu yako?" Iskra aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nimekaa naye umri wangu wote." Mzee alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Mkaidi, yule! Angejishusha mapema akaomba radhi, leo nisingekuwa nakusumbua."

Iskra alimwona akilini yule kijana wa Valencia akifungua simu yake baada ya kazi, bila kujua kwamba baba aliyemnunia hayupo tena. Habari kama hiyo haifai kuchelewa kwa sababu ya uzembe wa mtu mwingine.

"Litakuwa tayari kabla ya Ijumaa?" mzee aliuliza. "Ijumaa naenda mji mkuu, Sofia, na sijui nitarudi lini."

"Utaliona leo hii."

Iskra alikuwa ametia viraka vya kutosha kwenye ukurasa ule. Sasa aliamua kuuvunja. Alifuta amri zile ndefu moja baada ya nyingine, na mahali pake akaweka lebo fupi kutoka maktaba ya vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa: hii ya kusema kama kitu kipo kionyeshwe, ile ya kupitia majina ya wafiwa mmoja mmoja. Ndani ya mabano aliandika semi fupi tu, jina la marehemu hapa, picha ya marehemu pale. Alizipenda semi zile kwa upole wao. Kitu kisipokuwapo, hazipigi kelele wala haziangushi ukurasa. Huacha nafasi wazi na kuendelea.

"Mbona unafuta zaidi kuliko unavyoandika?" mzee aliuliza.

"Maneno mengi hapa yalikuwa ya kujikweza, mzee. Yaliyobaki ndiyo ya kazi."

"Ningejua hilo zamani," mzee alisema.

Nje mvua ilianza kunyesha upande wa mto Danubi. Penka aliwasha taa, akawaletea chai ya maua ya mti wa linden. Mzee hakuigusa. Alikuwa anatazama kioo cha kompyuta tu, mikono imetulia juu ya magoti. Iskra alihifadhi kazi yake, akavuta pumzi, akabonyeza tangazo.

Ukurasa ulifunguka. Fremu nyeusi, msalaba, na jina, Metodi Yonchev Gergov. Chini, penye wafiwa, jina moja tu: Plamen, mwanawe. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwapo, ikafuatwa na kistari. Baada ya kistari hapakuwa na kitu.

Picha ikaja mwisho. Iskra aliitazama, kisha akageuka polepole kumtazama mzee aliyekaa kando yake.

"Hapo pa tarehe utapajaza wewe, mwanangu," mzee alisema. "Hospitali ya Sofia nimewapa namba ya hapa."