Mita Moja ya Mutanu

Mgeni alibisha langoni bila taarifa, futi ya kupimia mkononi. Alikuwa afisa wa mipango wa kaunti.

"Mama, barabara yenu imepungua mita moja," alimwambia mama yangu. "Bila hiyo mita, zile nyumba za wafanyakazi wa viwandani hazitaidhinishwa."

Mwezi uliopita mtaa mzima ulizipinga nyumba hizo barazani. Mama peke yake alisimama akasema, "Wakikosa nafasi, mimi nitasonga."

Sasa futi ilinyooshwa ndani ya ua wetu, ikauacha upande wa barabara mchungwa aliopanda marehemu baba. Ulikuwa umezaa hadi matawi yakaegemea ukuta.

"Mutanu, hayo yalikuwa maneno ya mkutano tu!" jirani alimcheka kutoka ng'ambo ya barabara. "Nani atakukumbusha?"

Mama aliweka kiganja kwenye shina, akakiacha hapo, kama anayepima homa ya mtoto. Nilitamani akatae. Nilitamani pia asikatae.

"Leta kikapu uchume yaliyoiva," aliniambia. "Mawili mpe afisa."

Nilikibeba kikapu kichwani, mtaa wote unione ni mtoto wa nani.

Shoka Mama alilichukua mwenyewe.